Morris Minor na VW Beetle: ligi ya mwaka 1948 ambayo haijaisha

#1 Mleta uzi

Wakuu, heshima kwenu. Kule kwenye uzi wa Probox mjadala ulihama njia, mdau mmoja akatamka kwamba Beetle iliifunika Morris Minor kwa sababu "Mjerumani ni Mjerumani". Nikaona nisiharibu uzi wa watu, nianzishe wangu. Ni mrefu. Mwenye bando dogo asiogope, hakuna picha.

Msimamo wangu nautanguliza ili mnishambulie vizuri. Mwaka 1948, gari zote mbili ndiyo kwanza zinaingia sokoni kwa nguvu, Minor ndiyo ilikuwa gari bora. Usukani, kona, breki, umeme, kote. Miaka 15 baadaye VW iko mbele karibu kwa kila kitu kinachomgusa mwenye gari. Hapo katikati sioni muujiza wa Kijerumani. Minor ilikuwa mtoto mwenye akili aliyeachiwa mtaa umlee. Mwenzake alizaliwa na kasoro kibao lakini akapata mlezi asiyelala.

Nianze na Minor kwa sababu wengi humu mnaijua kwa sura tu.

Aliyeichora ni Alec Issigonis, mzaliwa wa Smyrna, mji ambao leo unaitwa Izmir, Uturuki. Ndiye huyohuyo aliyekuja kuchora Mini ya 1959. Vita vikiwa bado vinapiganwa, yeye yuko kampuni ya Morris pale Cowley, Oxford, anachora gari ndogo kwa jina la siri, Mosquito. Angalieni alichokiweka: bodi inayojibeba yenyewe bila chasisi ya pembeni, usukani wa reki (fito yenye meno inayogeuza magurudumu moja kwa moja) badala ya boksi la gia, miguu ya mbele inayojitegemea, na magurudumu madogo ya inchi 14 yaliyosogezwa hadi kwenye pembe za gari. Injini akaisukuma mbele kabisa ili watu wapate nafasi. Kwa gari ya bei ya chini ya zama hizo, hiyo ilikuwa anasa.

Kisa cha upana wake huwa kinanifurahisha. Gari ya mfano imekamilika, Issigonis anaitazama, haimkai. Nyembamba. Akaamuru ikatwe katikati kwa urefu, kuanzia boneti hadi buti, kisha nusu mbili zikawa zinasogezwa mbalimbali hadi jicho lake liliporidhika. Zilipoachana kwa inchi 4 akasema hapohapo. Ndiyo maana boneti ya Minor ina ule ukanda ulioinuka katikati. Bampa zilikuwa zimeshatengenezwa kwa upana wa zamani, kwa hiyo za mwanzo zikakatwa na kuungwa kwa kipande katikati. Anayebisha akatafute picha ya Minor ya 1949 aangalie bampa.

Kitu kimoja hakukipata. Alitaka injini mpya ya silinda nne zilizolala, mbili kila upande, yaani mpangilio uleule wa VW. Akapewa ya Morris Eight ya kabla ya vita, cc 918, valvu za pembeni. Bosi mwenyewe, Lord Nuffield, hata sura ya gari hakuipenda, akaifananisha na yai lililovunjiwa kwenye maji ya moto. Kumbukeni hilo, tutalirudia: mwenye kampuni hakuwa upande wa gari yake.

#2 Spana Kumi na Tatu

Nimeweka kambi. Mkuu hadithi tamu lakini weka namba, na VW yenyewe iko wapi?

#3 Mleta uzi

VW inajulikana zaidi, nitakimbia kidogo. Ferdinand Porsche anachora, Hitler anataka gari ya wananchi, jiwe la msingi la kiwanda linawekwa Mei 1938. Wananchi zaidi ya 300,000 wakawa wananunua stempu za marki 5 kila wiki ili siku moja wakabidhiwe gari. Hakuna hata mmoja wao aliyekabidhiwa. Vita vikaanza, kiwanda kikageukia magari ya jeshi, kikaendeshwa kwa vibarua wa kulazimishwa na wafungwa. Tusiruke hilo kwa sababu tu gari ina sura ya kuchekesha.

1945 Waingereza wakajikuta wanakikalia kiwanda kilichopigwa mabomu. Meja mmoja wa jeshi lao, Ivan Hirst, akakifufua, na jeshi likaagiza magari 20,000 kwa matumizi ya utawala wao. Hapa ndipo kichekesho kilipo: wenye viwanda wa Uingereza walikwenda kuiangalia gari hiyo, wakaona haina maana kibiashara, wakarudi kwao. Yaani Mwingereza alishika Beetle mkononi akaiachia, kisha akaenda nyumbani kuidharau Minor. Mkono mmoja ulipoteza vyote viwili.

Januari 1948 akakabidhiwa Heinz Nordhoff, mhandisi aliyetokea Opel. Aliiongoza VW hadi alipofariki 1968. Huyo ndiye mlezi ninayemsema.

Sasa namba za 1948. Minor: cc 918, nguvu farasi 27 na nusu. VW: cc 1131, nguvu farasi 25. Zote mbili mwisho wa mwendo ni karibu kilomita 100 kwa saa, na huo mwendo ukiufikia unaomba dua. Kwenye karatasi wako sawa.

Toka kwenye injini uone. Umeme: Minor volti 12, VW volti 6. Breki: Minor za mafuta miguu yote minne, VW za kebo, sawa na baiskeli. Zile za kuuza nje zilipata breki za mafuta 1950, lakini ile ya bei ya chini kabisa iliendelea na kebo hadi 1962! Gia: Minor ina sinkro (kile kinacholinganisha mwendo wa gia ili iingie bila kusaga) namba mbili hadi nne, VW haina hata moja, kila gia unapiga klachi mara mbili. Miguu ya nyuma: VW ina zile ekseli zinazobembea, na ukiachia mafuta ghafla katikati ya kona, gurudumu la nyuma linajikunja kuingia chini ya gari na makalio yanataka kutangulia. Minor ingekwenda kona hiyohiyo huku dereva anapiga mluzi.

#4 Mtoto wa Nakuru

Mimi ni wa huku Kenya, na hiyo mambo ya kona za Oxford hainisumbui. Swali ni moja: nani alishinda Safari, yale mashindano ya magari ya huku kwetu?

Coronation Safari ya kwanza, 1953, ile ya kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Anayehesabiwa mshindi ni Alan Dix, na alikuwa ndani ya VW. 1954 Vic Preston, VW. 1957 Gus Hofmann, VW. 1962 Tommy Fjastad, VW tena, na hapo ilikuwa inashindana na magari makubwa, maana miaka mitatu iliyotangulia ilikuwa ya Mercedes mfululizo.

Minor? Nasubiri.

Barabara zetu ndizo mtihani, si kiwanja cha majaribio cha Ulaya. Matope ya Aprili hayajui reki ya usukani. VW uzito wa injini umelalia magurudumu yanayosukuma, tumbo lake ni bapa limefunikwa, linateleza juu ya tope kama mtumbwi. Haina rejeta ya kutobolewa na jiwe. Ikikwama, watu wanne wanaiinua na kuiweka kando. Mwisho wa hoja.

#5 Mleta uzi

Mtoto wa Nakuru umekuja na nyundo. Nakubali kila ushindi ulioutaja. Lakini angalia tarehe. VW ya 1953 siyo ya 1948. Kufikia hapo ilishapewa breki za mafuta na sinkro. Ya 1954 ina injini mpya ya cc 1192, nguvu farasi 30. Ya 1962 ina nguvu farasi 34 na gia zote nne zina sinkro. Kila ukishinda Safari, unashinda na gari iliyofanyiwa kazi.

Na kwenye rali Minor haikuwa hohehahe. Pat Moss, dada yake Stirling Moss yule dereva wa mbio za magari, alianza kutambulika Ulaya akiendesha Minor 1000 aliyoipa jina la bibi kizee. Mama yule alikuwa balaa.

Tukija kwenye joto na mlima, hapo sitetei kitu. Ile Minor ya kwanza ya cc 918 haikuwa hata na pampu ya maji. Maji ya moto yanapanda yenyewe, ya baridi yanashuka yenyewe, Mungu anasimamia. Kwa Oxford yenye mvua inatosha. Kwa kupanda kutoka Bonde la Ufa hadi Limuru na watu wanne ndani, unapika chai kwenye boneti.

#6 Fundi Mstaafu

Vijana, mnabishania karatasi. Mimi nimezishika zote mbili kwa mikono hii.

VW: injini imeshikwa na boliti nne tu kwenye giaboksi. Unainua gari nyuma, unatoa waya, kebo ya mafuta na bomba la petroli, unaishusha na jeki ya trolley. Fundi na kijana wake, kabla chai haijapoa injini iko chini. Lakini usije ukamwambia mtu VW haifi. Inakufa, na inakufa kwa uzembe. Feni inazungushwa na belti ileile ya dainamo. Belti ikikatika, taa nyekundu inawaka, na dereva mjuaji anasema "ni chaji tu, nitafika". Hafiki. Hakuna belti, hakuna upepo, injini inajichoma yenyewe. Na silinda namba tatu ndiyo ya kwanza kuunguza valvu, kwa sababu kipoza oili kimesimama ndani ya njia ya upepo wake. Kiwanda kilikuja kukisogeza pembeni miaka ya 70 mwanzoni. Hizo za kabla, valvu ukizisahau kuziseti, namba tatu itakukumbusha.

Minor: injini ile ya baadaye, ya cc 948 na 1098, ni injini nzuri kuliko mnavyodhani. Kabureta moja ya SU, kichwa cha silinda unakitoa bila kugombana na mtu. Pampu ya petroli ni ya umeme, inalia tiki tiki tiki ukiwasha swichi. Ikinyamaza, unaigonga na mpini wa bisibisi, inaamka. Nimewaona watu wazima na tai zao wanafanya hivyo barabarani.

Ugonjwa wake uko miguu ya mbele. Kuna kiungo cha chini chenye nyuzi kama boliti, ndicho kinachogeuka ukikata kona. Kinataka grisi, na kinaitaka mara kwa mara. Ukikinyima, nyuzi zinalika taratibu bila kelele, halafu siku moja unarudi rivasi kutoka dukani mguu unalala chini. Issigonis wenu alichora usukani mtamu, lakini aliutundika kwenye kitu kinachomtegemea mtu anayekumbuka grisi. Huku kwetu nani anakumbuka?

Na silinda kuu ya breki wameificha ndani ya sakafu, kwenye mhimili wa chini. Kujaza mafuta unainua zulia. Kuitoa usiulize.

#7 Mleta uzi

Shikamoo mzee. Hii posti yako ingekuwa uzi peke yake.

#8 Mpita Njia

Mimi napinga hoja nzima ya mleta uzi, siyo kipande. Unamsifu Nordhoff kama malaika. Mtu yule alikabidhiwa kiwanda kikubwa ambacho hakukilipia. Kilijengwa kwa fedha zilizonyang'anywa vyama vya wafanyakazi. Baada ya vita hakikuwa na mwenyewe hasa, mpaka 1960 kilipogeuzwa kampuni ya hisa. Maana yake miaka kumi na zaidi hakuna mwanahisa anayegonga mlango kudai gawio. Kila senti inarudi kwenye mashine na kwenye gari. Hata Issigonis angepewa hali hiyo angeirekebisha Minor kila mwaka.

BMC, muungano wa Morris na Austin wa 1952, ilikuwa na wanahisa, viwanda vilivyotawanyika, na msururu wa magari yanayogombania soko lilelile kwa sababu wauzaji wa Austin hawakutaka kuuza Morris na wa Morris hawakutaka kuuza Austin. Unalinganisha mtu mwenye mke mmoja na mwenye sita.

#9 Mleta uzi

Mpita Njia, hii ndiyo hoja nzito kuliko zote humu, na sina shida na nusu yake ya kwanza. Fedha ilikuwepo, haikuwa na mdai. Lakini fedha haikuchagulii cha kufanya. Kampuni nyingine ingeichukua ikachora magari mapya matano. Nordhoff aling'ang'ania sura moja na kuimwaga fedha yote kwenye viungo. Na vituo vya huduma: sera ya VW ilikuwa soko jipya lisifunguliwe kwa gari, lifunguliwe kwa spea na fundi aliyefundishwa, gari ifuate nyuma. Hilo hata mwenye wanahisa angeweza kulifanya.

Ngoja niwaoneshe mwendo wa VW mwaka baada ya mwaka, halafu muulinganishe na Minor.

1952 sinkro kwenye gia tatu za juu. Machi 1953 kioo cha nyuma kilichogawanyika mara mbili kinakuwa kimoja, kile cha umbo la yai. 1954 injini mpya. Agosti 1955 gari ya milioni moja inatoka kiwandani. 1957 kioo cha nyuma kinapanuliwa tena, sasa unaona anayekufuata. 1960 sinkro gia zote na nguvu farasi 34. Mwaka uliofuata ndipo wakakumbuka kuweka geji ya petroli. Naam, kabla ya hapo ilikuwa hakuna geji! Gari ikianza kukata pumzi unageuza bomba kwa kidole cha mguu, unaingia kwenye akiba. 1966 volti 12. 1970, kwenye 1302, miguu mipya mbele na nyuma, ule ubembeaji wa ekseli ukaondolewa.

Minor sasa. 1952 ikatolewa ile injini ya babu, ikawekwa ya Austin A30, cc 803, iliyo ya kisasa lakini haina nguvu, mlimani ilikuwa inalia. 1956 ikaja cc 948, kioo cha mbele kikawa kimoja, jina likawa Minor 1000. Hiyo ndiyo Minor niliyoipenda mimi. 1962 cc 1098. Halafu? Kimya. Gari ikaendelea kutengenezwa hadi 1971 na gia namba moja bado haina sinkro. Siyo kwamba kampuni haikujua, gari zao nyingine zilipata. Waliona huyu kizee atajifia mwenyewe.

Na hakufa haraka! Hapo ndipo pananiuma. Ilikuwa gari ya kwanza ya Uingereza kufikisha milioni moja, mwishoni mwa 1960, wakasherehekea kwa kutoa 349 za rangi ya zambarau hafifu zenye viti vyeupe. Watu waliitaka. Jumla ikafika kama milioni 1.6. VW ilipita rekodi ya Ford Model T Februari 1972, milioni 15, na ikaendelea kuzaliwa Mexico hadi Julai 2003, zaidi ya milioni 21.

#10 Spana Kumi na Tatu

Geji ya petroli waliikumbuka baada ya milioni kadhaa?? Mjerumani ni Mjerumani kweli.

#11 Dada wa Leicester

Habari zenu kaka zangu. Nimesoma kimyakimya nikashindwa kuvumilia. Mimi ninayo Minor hapa Uingereza, Traveller, ile ya mbao nyuma, na ninyi mnaizungumzia kana kwamba iko makumbusho.

Kwanza zile mbao siyo urembo. Ni mti wa ash, mti mgumu wa Ulaya, na ndizo zinazoshikilia nyuma ya gari. Zikioza, gari imeoza kama vile chuma kimeoza. Watu wanacheka eti gari yangu inaota uyoga. Inaota kweli, kwenye reli ya chini ya dirisha, ukiiacha nje majira ya baridi. Unaisugua, unaipaka vanishi, maisha yanaendelea.

Pili, hakuna aliyetaja kwamba Minor ardhi yake ya umeme ni chanya. Betri inaunganishwa bodi kwa upande wa jumlisha. Mtu ananunua redio ya kisasa, anaichomeka kama alivyozoea, moshi. Jirani yangu alipoteza redio mbili kwa njia hiyo, na ya pili alikuwa ameshaonywa.

Tatu, mnasema iliachwa. Kiwandani ndiyo. Lakini wenye nazo hawakuiacha. Hapa unaweza kununua karibu kila kipande kipya, kutoka kipini cha mlango hadi upande mzima wa chini wa bodi. Watu wanaweka breki za diski mbele na giaboksi ya gia tano. Gari zilizopita miaka 40 hapa hazilipi kodi ya barabara, na kama hujazibadili sana hazilazimiki kwenda ukaguzi wa kila mwaka. Mimi yangu naipeleka hivyohivyo, kwa sababu fundi aliyeichunguza kabla sijainunua aliingiza bisibisi kwenye sakafu ikatokea upande wa pili.

Hapa wazee wanaikumbuka kama gari ya nesi wa mtaani, na ya polisi, zile zilizopakwa bluu na nyeupe. Za posta za mwanzo zilikuwa na mabawa ya mbele ya mpira, ili madereva wa posta wagonge wanavyotaka. Taa zimesimama juu ya bawa kama macho ya chura. Mkiona picha mtacheka.

Kuhusu kona, mleta uzi yuko sahihi kabisa. Nimeendesha Beetle ya rafiki yangu siku ya upepo kwenye barabara kuu. Lori likatupita, tukahama njia bila mimi kugeuza usukani. Sirudii.

#12 Mtoto wa Nakuru

Dada karibu. Lakini umesema mwenyewe, wenye nazo ndio wanaweka diski na gia tano. VW ilikuwa inawekewa na kiwanda.

#13 Dada wa Leicester

Na mimi nimekataa wapi? Nimesema tu haijafa.

#14 Mpita Njia

Kuna kitu kingine tunakiruka. Minor ilibaki gari ya Himaya. Ilikwenda kulikokuwa na bendera ya Uingereza: Australia, New Zealand, India, huku kwetu. Masoko hayo yalikuwa tayari yanamjua Morris, hakuna kushindana sana. VW haikuwa na pa kwenda kwa urahisi, mwaka 1948 nani alitaka gari ya Mjerumani? Ililazimika kuwa nzuri ndipo inunuliwe. Uitenhage, Afrika Kusini, walianza kuziunganisha 1951. Brazil ikafuata, kisha Mexico, Nigeria wakaanza 1975. Nenda Addis Ababa leo utazikuta bado zinabeba watu na mizigo, na Ethiopia hata haikuwa koloni la yeyote kati yao.

Kwa hiyo mleta uzi, mlezi wako asiyelala alikuwa na sababu ya kutolala. Njaa.

#15 Mleta uzi

Hiyo ya njaa naichukua, naiongeza kwenye hoja yangu bila kukulipa. BMC ilikuwa na shibe ya soko la nyumbani na la Himaya. Shibe ilipoisha miaka ya 60, masoko yakafunguka, Minor haikuwa na cha kujitetea nacho zaidi ya kupendwa.

Lakini bado nasisitiza, ukichukua karatasi mbili za wachoraji, uzilaze mezani 1948 bila kujua kitakachotokea, unaweka fedha yako kwa Issigonis. Angepewa ile injini ya silinda zilizolala, Mtoto wa Nakuru leo angekuwa anatuhesabia ushindi wa Minor kwenye Safari.

#16 Mtoto wa Nakuru

Angepewa. Ningezaliwa tajiri. Endelea.

#17 Kijana wa Makambako

Wakuu samahani kuingilia. Mimi naulizia cha vitendo. Kuna Beetle 1303 nimeiona Morogoro, mwenye nayo mzee anasema injini haijawahi kuguswa. Kuna Minor 1000 pia, lakini iko Nairobi na haitembei. Nataka gari ya wikendi, kwangu kuna mvua na ukungu nusu ya mwaka na kipande cha mwisho ni vumbi. Nichukue ipi?

#18 Mleta uzi

Dogo, moyo wangu unasema Minor. Chukua VW. Spea za VW utazipata kirahisi zaidi, nyingi zilitengenezwa Brazil na Mexico muda mrefu baada ya Ulaya kuacha. Ya Minor utaagiza Uingereza kila bushi, na meli haina haraka. Tena isiyotembea, ukaivushe mpaka? Hapana. Mzee, mwongoze huyu kijana vitu vya kuangalia.

#19 Fundi Mstaafu

"Injini haijaguswa" kwa VW siyo sifa. Inayoguswa vizuri ndiyo inayoishi.

Sikiliza, dogo. Inua kiti cha nyuma, angalia chini ya betri. Tindikali inakula sakafu hapo, ukiona tambara limetandikwa, litoe. Na angalia kama betri ina kifuniko. Springi za kiti kikikaliwa na mtu mnene zinagusa ncha za betri, gari inawaka moto, nimeziona mbili.

Pita na kisu butu chini ya milango, pale bodi inapokutana na sakafu. Ile 1303 ina mabomba ya hewa ya moto yanayopita humo, kutu inaanzia ndani haionekani. Boneti ya mbele fungua uangalie vikombe vya shokapu juu, 1303 haina zile fito za zamani, ina miguu ya kusimama, na vikombe vikioza hakuna ujanja, ni kuchomelea.

Halafu nenda nyuma, injini imezimwa, shika ile puli kubwa ya chini kwa mikono miwili. Usiizungushe. Ivute kwako, isukume mbele. Inatakiwa usisikie kitu, labda kama unene wa karatasi. Ukisikia inagonga ko, ko, chumba cha beringi kuu kimetanuka, hiyo injini ni ya kufungua yote. Usimwambie mzee wa watu kitu. Futa mikono, muulize bei tena.

#20 Kijana wa Makambako

Nimeinakili yote mzee, shikamoo na asante. Jumamosi niko Morogoro. Puli ni ile ya chini au yenye feni?

#21 Fundi Mstaafu

Marahaba. Ya chini. Ya juu ni ya dainamo, hiyo ukiivuta utanichekesha.